Mvua ya wiki nzima Lushoto: tutembee Jumamosi au tuahirishe?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu na katibu wa kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu hapa Tanga mjini. Tuko 24, mdogo ana miaka 19 na mkubwa ana 66. Tulipanga Jumamosi hii tukatembee Lushoto: tuanzie mjini, tupite kijiji cha Yoghoi mpaka Irente kwenye ukingo wa mlima, tule chakula cha mchana kule juu, kisha vijana wanataka tushuke kwa miguu upande wa Mazinde ambako kosta itatusubiri. Huko mvua imenyesha wiki nzima, ila tunaambiwa jana na leo jua limewaka. Nusu wanasema twende, nusu wanasema tuahirishe. Wanaotaka kwenda wanasema hizo ni barabara za vijijini tu, magari ni ya kuhesabu, hatari iko wapi? Mama mmoja ana goti bovu, na wengi wetu hatujawahi kutembea milimani. Twende? Tuvae nini, na watu tuwaongozeje?

JIBU

Marahaba, dada katibu. Nendeni, lakini safari ya kushukia Mazinde ifuteni kabisa. Kosta ibaki Lushoto mjini, muende Irente na kurudi kwa barabara ileile, na kila mmoja ajue tangu mwanzo kwamba mnaweza kugeuza kabla ya kufika. Hao wanaosema ni barabara za vijijini tu wana haki upande wa magari. Upande wa maji wamesahau.

Jua la siku mbili hukausha uso wa barabara. Kilima chenyewe bado kimelowa. Milima hiyo ya Usambara ni miamba ya kale iliyofunikwa na udongo mwekundu mzito, na mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo maji hujaa ndani ya udongo ule, yakauongezea uzito, huku yakipunguza mshiko wake juu ya mwamba uliolala chini. Maji hayo hutoka taratibu. Ndiyo maana kipande cha kilima kinaweza kuporomoka mvua ikiwa imekwisha na anga ni jeupe, na mtu anayepita chini yake akawa na miwani ya jua usoni. Sote tunakumbuka Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Barabara ya Irente si Katesh, sitaki kuwatia hofu bure, ila kila anayewaongoza wenzake mlimani baada ya mvua anapaswa kuwa na tukio lile kichwani.

Kabla ya yote, sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao hutoa utabiri wa siku tano wenye ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ijumaa jioni tazama mkoa wa Tanga umewekwa wapi. Ikiwa ni tahadhari, au tahadhari kubwa, ahirisheni bila mjadala wala kura, kwa sababu mvua kubwa kwa hesabu zao ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24, na milimita 50 juu ya kilima ambacho tayari kimeshiba ni jambo jingine kabisa. Ikiwa ni angalizo tu, fupisheni: nendeni mpaka Yoghoi, mnywe chai, mrudi. Hakuna aibu katika hilo.

Kisha mpigie simu mtu wa Lushoto anayetembea ile barabara kila siku. Dereva wa bodaboda wa kituo cha mjini anajua kuliko mimi niliye mbali. Usimwulize kama barabara ni nzuri, maana atakujibu ni nzuri, yeye anatafuta abiria. Mwulize jana amepita na nani, amefika wapi, na wapi ameshuka akasukuma pikipiki. Jibu la swali la tatu ndilo unalolihitaji.

Sasa Mazinde. Kutoka ukingo wa Irente mpaka tambarare ya chini ni mteremko wa karibu mita 1,000, na njia zinazoshuka upande ule ni za miguu, nyembamba, zenye kona kali na mawe. Wenyeji wanazipita, na wakati wa mvua hata wao huchagua siku. Kundi la watu 24 wasiozoea mlima, goti moja likiwa bovu, likianza kushuka pale haliwezi kubadili mawazo katikati, kwa sababu kupanda tena juu ya utelezi ni kugumu kuliko kuendelea kushuka. Kwa hiyo wataendelea, hata wakikutana na kipande kilichobomoka. Hilo ndilo linaloifanya njia ya Mazinde isifae Jumamosi hii: haina mahali pa kugeuzia. Ya Irente unaigeuza popote. Vijana wako waambie mlima haukimbii, warudi mwezi wa saba au wa nane ardhi ikiwa kavu, wakiwa wachache, na wamchukue mwenyeji wa kuwaongoza.

Nieleze kidogo jinsi ya kuisoma barabara, maana hapa ndipo watu wengi wanapopita wamefumba macho. Barabara nyingi za vijijini Lushoto zimechongwa ubavuni mwa kilima. Waliozitengeneza walichimba upande wa juu, na udongo waliouchimba wakaumwaga upande wa chini ili kupata upana. Matokeo yake barabara moja ina nusu mbili zisizofanana. Nusu ya ndani, inayogusana na ukuta wa kilima, imekaa juu ya ardhi ya asili. Nusu ya nje, inayotazama bonde, imekaa juu ya udongo wa kujazia. Mvua ikizidi, nusu ya ndani hupokea vinavyodondoka kutoka juu, na nusu ya nje huliwa na maji kwa chini, taratibu, mpaka inabaki ngozi tu ya juu yenye majani mazuri ya kijani. Ukisimama kando unaona barabara nzima. Ukiinama kutazama upande wa bonde unaona pango.

Tulifundishwa shuleni kutembea upande wa kulia ili tutazamane na magari yanayokuja, na ni sahihi. Lakini baada ya mvua upande wa kulia unaweza kuwa ukingo wa bonde, au ukawa chini ya ukuta unaodondosha mawe. Ninachofanya mimi ni hiki: pasipo gari tunatembea katikati ya barabara, kwenye ule mstari wa majani au changarawe kati ya njia mbili za matairi, kwa msururu wa mmoja mmoja. Gari likisikika, kiongozi ndiye anayechagua pa kusimama, na anachagua upande wa ndani pale ambapo ukuta ni mfupi na una majani yaliyoshika vizuri. Mtu asikimbilie ukingo wa nje kulipisha Fuso lenye kabichi. Uzito wa Fuso na uzito wa watu sita juu ya ukingo uliolowa ni vitu visivyotakiwa kukutana. Kama hapo mlipo hapafai, kiongozi anasonga mbele na kumpungia dereva asubiri. Madereva wa kule ni waungwana, wakiona mkono wanasubiri.

Ukuta wenyewe utazameni hivi. Jiwe lililoanguka zamani lina rangi moja na vumbi, pengine na kuvu. Jiwe la jana lina upande mmoja mwekundu unaong'aa kwa unyevu, na ukiinua macho unaliona kovu lilipochomoka. Kovu moja dogo ni jambo la kawaida. Makovu matatu mapya katika hatua ishirini yanakuambia ukuta unafanya kazi, piteni haraka mkiwa mmeachana, bila kusimama kupiga picha. Tazameni pia juu ya ukuta: mti ulioinamia barabarani huku mizizi yake ya nyuma ikiwa imekaza na kuinua udongo, ufa uliofuata mstari wa kilima kama mtu ameukata kwa jembe, au maji yanayochuruzika ukutani mahali ambapo hapana chemchemi. Maji hayo yakiwa safi, ni kilima kinapumua. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, kilima kinatoa udongo wake wa ndani, na hapo mimi huwageuza watu wangu hata kama Irente inaonekana kwa macho. Mkisikia mngurumo usio wa radi wala wa gari, ondokeni chini ya ukuta kwanza, mtaulizana baadaye.

Mkikuta udongo umeshaporomoka na kufunika sehemu ya barabara, subirini kidogo mtazame. Kama hakuna kinachosogea, hakuna maji yanayotoka ndani yake, na kuna nafasi ya kupita pembeni upande salama, apite mmoja, wengine wakiwa nyuma na mtu mmoja akitazama juu muda wote. Akifika ng'ambo ndipo aende wa pili. Kama udongo umefunika barabara nzima, safari yenu imeishia hapo.

Vijito navyo vina tabia yao. Kati ya mjini na Irente mtakatiza mahali maji yanapopita chini ya barabara kwa kalavati, na penye kalavati dogo huenda mkakuta maji yamepanda juu ya barabara. Watu huangalia kina, wakiona maji ya kifundo cha mguu wanasema ni kidogo. Tazameni kasi. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinatosha kumwangusha mtu mzima, na akianguka penye mteremko hasimami tena kirahisi. Kanuni yangu kwa kundi lisilo na uzoefu ni kwamba maji yanayokimbia juu ya barabara hayavukwi, hata mwenyeji akivuka mbele yenu na mzigo kichwani, kwa sababu yeye anajua jiwe liko wapi. Chomekeni kijiti ukingoni mwa maji mkae dakika kumi. Maji yakishuka, mnaweza kungoja zaidi. Yakipanda, au yakibadilika rangi na kuanza kubeba majani na vijiti, huko juu mvua inanyesha ingawa kwenu kuna jua, rudini. Na kijito kilichokuwa kinavuma kikinyamaza ghafla, msifurahi. Pengine kimezibwa huko juu, na kizibo kikiachia maji yatakuja yote kwa pamoja.

Madimbwi yaliyotulia ni jambo jingine, na hapa nina ugomvi na watembeaji wengi. Kundi likikuta dimbwi barabarani hulizunguka kwa kukanyaga shamba la mtu. Wa kwanza anakanyaga tuta, wa kumi analibomoa, wa ishirini ameshafungua mfereji ambao mvua ijayo itaubeba pamoja na karoti za mwenye shamba. Matuta na makinga maji ya Usambara ndiyo yanayozuia kilima kisishuke, na yakiwa yamelowa ni laini mno. Piteni ndani ya dimbwi. Kiongozi achome fimbo kwanza aone kama chini ni pagumu na hakuna tundu la kalavati lililobomoka, halafu wote wapite mlemle. Viatu vitalowa, ndiyo. Vitalowa tu Jumamosi hiyo.

Kuhusu kuwaongoza watu 24: ni wengi kwa msururu mmoja. Wagawe mafungu mawili ya 12, yaachane kama dakika tano, kila fungu na mtu wa mbele na mtu wa mwisho. Wa mbele awe mtulivu, asiwe yule mwenye mbio kuliko wote. Mtu wa mwisho ndiye mwenye kazi kubwa, kwa hiyo mpe anayeaminika, mwenye simu yenye chaji, filimbi na boksi la huduma ya kwanza. Hakuna mtu anayebaki nyuma yake kwa sababu yoyote, hata ya kwenda kujisaidia. Mama mwenye goti na yule wa miaka 66 wawekeni wa pili na wa tatu kutoka mbele. Wakikaa nyuma watakuwa wanakimbia kuwafikia wenzao kutwa nzima, na kila wakifika wanakuta wenzao wameshapumzika na wanaondoka. Wakikaa mbele, mwendo wao unakuwa mwendo wa wote, na hakuna anayewaona kuwa mzigo. Vijana wenye nguvu watalalamika nusu saa ya kwanza, kisha watazoea na kuanza kupiga soga.

Kubalianeni alama za filimbi kabla ya kuondoka: mlio mmoja simameni, miwili gari au pikipiki, mitatu tunahitaji msaada. Pikipiki naisisitiza, kwa sababu baadhi ya bodaboda huteremka na injini imezimwa ili kuokoa mafuta, na juu ya tope breki haishiki. Huisikii mpaka iko mgongoni. Mtu wa mwisho ageuke kutazama nyuma kila baada ya muda mfupi, na kwenye kona asikubali watu watembee wawili wawili wakipiga gumzo.

Mahesabu ya muda yafanyeni bila kujidanganya. Mtu mzima hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa kwenye tambarare. Kundi lenu, kwenye tope la kupanda na kushuka, litafanya mbili mpaka mbili na nusu, na mjini mpaka Irente ni kama kilomita sita. Kwa hiyo wekeni saa mbili na nusu hadi tatu za kwenda na kama hizo za kurudi. Mkianza saa mbili asubuhi mtakuwa Irente kabla ya saa tano na nusu, mtakula na kupumzika, saa sita na nusu mnaanza kurudi. Asubuhi ndiyo wakati wa kutembea milimani, kwani mawingu hujikusanya mchana. Hili lina maana kwamba lazima mlale Lushoto Ijumaa. Msiondoke Tanga usiku wa manane ili mpande Mombo kwenda Soni gizani. Barabara ile ni ya lami lakini imekata majabali, na mvua kubwa zimewahi kuizibia kwa mawe na udongo. Ipandeni mchana, na dereva aulize hali ya barabara mkiwa Mombo kabla ya kuanza kona.

Saa nne na nusu ndiyo saa yenu ya kuamua. Popote mtakapokuwa saa hiyo, simameni muulizane mambo matatu: kuna aliyechoka kuliko inavyotakiwa, mawingu yako wapi, na barabara tuliyopita itakuwaje ikinyesha tena? Wakati wa kupumzika msikae chini ya ukuta uliochongwa, wala kwenye kona, wala chini kabisa kwenye kijito penye kivuli kizuri. Kaeni mgongoni mwa kilima, uwanja wa shule au mbele ya duka, baada ya kuomba. Radi ikianza, hesabuni kuanzia umeme kuonekana mpaka ngurumo kusikika. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa hesabu haifiki 30, ingieni kwenye nyumba au gari, mkae humo mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Mti mkubwa si pa kujikinga, na mikaratusi iliyolowa hudondosha matawi hata bila radi.

Mavazi. Raba yenye meno marefu na kamba za kufunga vizuri inatosha. Raba ya soli laini iliyolika, acheni nyumbani. Gambuti ni nzuri kwa tope, wakulima wanazivaa kwa sababu ya maana, ila ikiwa pana mguu unacheza ndani, na kilomita 12 zitakupa malengelenge. Anayeivaa avae soksi ndefu nene, na kucha azikate siku moja kabla, kwa sababu kwenye kushuka vidole husukumwa mbele. Malapa yawekeni kwenye kosta kwa ajili ya baadaye. Kina mama wanaopenda dera walivae juu ya suruali na walikunje kiunoni kwa leso mpaka liishie juu ya kifundo cha mguu. Pindo likilowa tope linakuwa zito, na wakati wa kushuka ndilo la kwanza kukanyagwa. Kila mtu abebe nguo moja kavu ya juu ndani ya mfuko wa nailoni, na koti la mvua. Mwavuli haufai, unaziba macho na kushika mkono mmoja. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Tanga aliyelowa jasho na mvua akisimama kwenye upepo wa Irente anapoa upesi kuliko anavyodhani. Mkimwona anatetemeka, kisha anaanza kuongea kwa kuburura maneno, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni chai ya sukari, na msimwache akae peke yake.

Fimbo kila mtu awe nayo, ya kimo ambacho ukiishika kiwiko kinakunjika sawasawa. Mama mwenye goti aishike mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa goti bovu, na fimbo na mguu mbovu vitangulie pamoja.

Kushuka kwenye udongo mwekundu uliolowa kunataka mazoezi, fanyeni dakika kumi pale mjini kwenye mteremko mdogo kabla ya kuanza. Udongo ule juu una utando mwembamba wa tope laini, chini yake ni mgumu kama sakafu. Mguu ukitua juu ya utando unateleza. Ukitua kwa kisigino na kukikandamiza kidogo, unatoboa utando na kushika chini. Mwenye woga huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomwangusha, maana uzito wake hauko tena juu ya miguu. Kunjeni magoti, piga hatua fupi, kifua kiwe juu ya nyayo. Kanyageni penye vijiwe, penye majani, au kwenye nyayo za ng'ombe zilizokauka kingo. Penye mteremko mkali geuzeni mguu upande na mshuke kwa mshazari. Msishikane mikono kwa mnyororo, mmoja akiteleza anawachukua watatu. Anayehisi anaanguka akae chini kwa makalio mapema, kabla mikono haijatangulia. Vifundo vya mikono vinavyovunjika milimani vingi ni vya watu walioanguka huku wamenyoosha mkono.

Mkifika Irente, mtaona nchi yote ya chini, mashamba ya mkonge na tambarare ya Umasaini ikipotea kwenye ukungu. Ni mahali pazuri sana. Mwamba wa pale ukilowa una utelezi usioonekana, kwa hiyo wekeni mstari wa kutovuka, hatua tano kutoka ukingoni, na mtu mmoja alisimamie hilo kwa sauti. Picha zipigwe nyuma ya mstari. Ukungu ukipanda kutoka bondeni, na baada ya mvua hupanda ghafla, watu wote warudi nyuma mpaka barabarani wahesabiwe. Karibu na hapo kuna shamba la Irente, wanauza jibini na mkate wao wenyewe, inafaa mkapumzikia huko.

Njiani mtakutana na watu wanatoka mashambani, salimieni nyote, msimwachie kiongozi peke yake. Mtakutana na watoto wenye kinyonga kwenye kijiti, wakitaka kuwaonyesha kwa hela. Msilipie, kwani mkilipia kesho watakamatwa wengine kumi, na baadhi ya vinyonga vya Usambara havipatikani kwingine duniani. Na mtakutana na siafu wakikatiza barabara, kwa sababu mvua huwatoa. Mtu wa mbele akiwaona apaze sauti, kila mmoja aruke bila kusimama, suruali ikiwa imechomekwa ndani ya soksi.

Namba za kuwa nazo kwenye simu zaidi ya moja ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, pamoja na ya yule bodaboda wenu wa Lushoto, ambaye kwa mtu aliyeteguka mguu ndiye atakayefika kwanza.

Mkirudi mjini, kabla ya kupanda kosta, osheni miguu kwa maji safi na sabuni, na kila mwenye mchubuko autazame. Vidonda vifunikwe kabla ya kuanza safari pia, maana maji ya madimbwi hubeba mikojo ya panya na mifugo, na humo ndimo inamotoka homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Aliyejikata kwa kitu chenye kutu au kuingiwa na udongo ndani ya jeraha aende kituo cha afya aulizie sindano ya pepopunda. Na yeyote atakayeshikwa na homa, maumivu ya misuli ya miguu au macho mekundu ndani ya wiki mbili, tatu, au hata nne baada ya safari, asinywe dawa ya malaria kwa kukisia. Aende hospitali, na amwambie daktari bila kuulizwa kwamba alitembea kwenye maji na tope Lushoto.